Jiwe la Infirmier Mumbere, Kutoka Mulekera Hadi Luofu

Tangu nirudi, siwezi kutoka kanisani bila mtu kunisimamisha. "Kasereka, ni kweli mulibeba jiwe ya kaburi mpaka ng'ambo ya barrière? Ni kweli basoda balitaka kubaua juu ya kichwa ya mufu?" Nimesimulia vipande vipande hadi vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Kuna nyumba moja hapa Mulekera ambako, nasikia, nilikwisha kuzikwa. Basi nimekaa chini, naandika yote kwa mstari mmoja, ili msome wenyewe na mniache nifanye kazi. Mambo ya makaratasi na ruhusa nitayaruka. Kila mtu anajua jinsi yanavyopatikana wakati wa vita, na hayana ladha.

Kwa asiyenijua: mimi nachonga mawe ya makaburi, kama baba yangu. Baba alifundishwa na mmisionari mzee kutoka Amerika, mwashi aliyejenga kanisa letu la kwanza. Kwao, alisema, kuna makaburi ya zamani ya Wapuritani, Wakristo wakali waliovuka bahari kwa kulikimbia kanisa la mfalme wa Uingereza. Watu wale hawakutaka picha yoyote ndani ya nyumba ya ibada, hata msalaba. Lakini juu ya makaburi yao walichonga kichwa cha mfu chenye mabawa mawili, meno yote nje. Mmisionari alikuja na karatasi pana ambazo alikuwa amezitandika juu ya mawe yale na kuzisugua kwa mkaa mpaka michoro ikatokea. Baba alijifunza kutoka kwenye karatasi hizo, nami pia. Ndiyo maana makaburi ya zamani ya Waprotestanti wa kwetu yana vichwa vyenye mabawa, na wageni wakipita wanajikuna kichwa.

Mama Kyakimwa ni jirani yangu. Mumewe Mumbere alikuwa infirmier, yaani muuguzi, akapelekwa kazini kwenye dispansari ya Luofu, kusini kabisa mwa Lubero. Waasi walipogombana wao kwa wao na kugawana Kivu, barabara ilikatika katikati. Sisi tukabaki chini ya kundi moja, Luofu chini ya lingine, na Mumbere upande ule. Homa ikamuua huko. Habari ilifika kwetu Beni kwa mdomo wa mwanamke muuza vitunguu, aliyezunguka na njia za porini.

Mama Kyakimwa hakulia mbele yetu. Alikuja kwangu akasimama mlangoni.

"Kasereka, unichongee jiwe sawa ile ya babu yake. Nitamupelekea mimi mwenyewe."

"Mama, ku Luofu? Njia imefungwa."

"Imefungiwa basoda. Mimi si musoda."

Nilichagua jiwe jeusi, lile linalopasuka kwa tabaka kama mbao, nikalichonga kichwa, mabawa na jina la Mumbere. Sikulifanya kubwa, lakini nilipojaribu kuliinua nikaona wazi kwamba mwanamke peke yake halifikishi hata Butembo. Nikafunga tindo na nyundo, nikakunja karatasi za baba ndani ya nailoni, nikamwambia mke wangu kwamba ninamsindikiza jirani. Kisha akanipa sweta yake, kwa sababu yangu ilikuwa imetoboka.

Mulekera hadi Butembo

Tulipakia jiwe kwenye lori la mbao na watu, limezungushiwa blanketi na kufungwa kamba. Abiria wakataka kujua ni nini kinachowabana miguu. Kabla sijafungua kinywa, Mama Kyakimwa akajibu, "Jiwe ya kusagia. Ya mama mukwe." Wakaridhika. Mama mmoja hata akasifu: siku hizi, alisema, hakuna tena wake wanaowakumbuka mama wakwe.

Kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alipanda, akalisukuma furushi kwa buti, halikusogea. Macho yake yakawaka.

"Hii ni matière!"

Mnajua wakati ule kila kitu kizito kilikuwa matière. Mtu akibeba mzigo mdogo unaompinda mgongo, basi amebeba madini, koltani. Askari akachomoa kisu, akapasua blanketi. Kichwa cha mfu kikamchungulia kutoka kwenye tundu, meno yote, jicho moja tupu. Yule kijana aliruka nyuma, akaanguka juu ya magunia ya maharagi. Wenzake walicheka chini, ila sisi juu ya lori hakuna aliyecheka.

"Eh, mama! Ulisema ya kusagia!"

"Munatupandisha pamoja na kifo!"

Yule aliyemsifu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Dereva hakubishana. Alisimamisha lori mbele kidogo, akatushusha, akateremsha jiwe kwa mikono yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayeteremsha mgonjwa. "Munisamehe," akasema. "Nikibaki na nyinyi, na mimi nitashushwa."

Tulikaa kando ya jiwe, vumbi jekundu likitufunika kila gari likipita. Halikuwa jambo la kuchekesha. Porini karibu na pale watu walikuwa wametekwa wiki ileile, na jua lilikuwa linashuka. Hatimaye alitupakia kwenye lori lake mfanyabiashara wa mbao, Mkatoliki mwenye rozari kwenye kioo, ambaye hakuuliza kitu ila "Ni ya nani?" Mama Kyakimwa akasema, "Ya bwana yangu." Yule mwenye lori akajifanyia ishara ya msalaba, akatupangia nafasi.

Vulamba: kilio cha mtu ambaye hayupo

Kule Butembo, katika mtaa wa Vulamba, anakaa dada wa marehemu. Tulikuwa tumemtumia habari kwa mfanyabiashara mmoja kwamba Mama Kyakimwa anakuja na jiwe la Mumbere. Sijui neno "jiwe" lilidondokea wapi njiani. Tulipofika tulikuta uwanja umejaa, viti vimepangwa, sufuria za maharagi na bugali juu ya moto, wanawake wamejifunga vitambaa kichwani. Walipoona furushi refu limefunikwa blanketi, kilio kilipasuka. Watu wakakimbilia lori. Dada wa marehemu akajitupa juu ya blanketi, akalikumbatia, kisha sauti ikamkatikia. Akalipapasa. Akaligonga kwa vidole.

"Ni nini hii?"

"Ni jiwe, wifi. Ya kumuwekea."

"Na yeye iko wapi?"

"Iko Luofu. Balimuzika kule. Mimi sikumuonaka."

Na pale, mbele ya mtaa mzima uliokuja kulilia mwili na kukuta jiwe, Mama Kyakimwa akalia. Alilia amesimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyemwagiwa maji. Wanawake walikuwa wamekwisha kunyamaza kwa kuduwaa. Wakaanza upya, na safari hii kilio kilikuwa na mwenyewe. Tulikula vile vyakula vya msiba. Sioni aibu kusema kwamba nilikula sana.

Pale Vulamba tulikwama. Hakuna lori lililotaka kwenda mbali kusini. Kila asubuhi mtu alileta habari mpya: wamepigana, wamepatana, wamepigana tena. Wifi yake akamsihi aache jiwe kwake, amani ikija litapelekwa. Mama Kyakimwa alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Amani haimujuwe Mumbere," akasema. "Mimi ninamujua."

Butembo hadi Kitsombiro

Lori lililokwenda kununua viazi lilitupeleka hadi Lubero, na kutoka Lubero hadi Kitsombiro, ambako baridi inaingia kwenye meno. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama ng'ombe, hautaki kuondoka. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na mama mmoja akatupa maziwa ya moto katika kikopo, akakataa shukrani. Alipojua tunakoelekea alikichukua kikopo chake haraka, kama vile tumeanza kunuka.

Dereva wa viazi hakwenda zaidi. Tukampata Muhindo, baba mwenye familia, mwenye chukudu imara, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, magurudumu yamevishwa mpira. Alilipima jiwe kwa jicho, akaliona tundu la blanketi, akaona na kile kilichokuwa ndani.

"Ile kitu inauma?"

"Hapana."

"Basi twende. Nilibebaka mabaya kuliko hii."

Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye miteremko alipanda juu ya chukudu, goti moja juu ya jiwe, akashuka kama upepo huku akishika breki kwa kandambili. Kwenye miinuko tulisukuma wote watatu. Mwanzoni tulikutana na wanawake waliobeba kabichi na liki kwenda sokoni. Tuliamkiana. Baadaye tukakutana na mmoja, kisha hakuna. Mashamba yalikuwa na magugu. Tukapita nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umeng'olewa, na kuku mmoja amesimama ndani kama mwenye nyumba.

Muhindo akasimama.

"Munasikia?"

"Hatusikii kitu."

"Njo ile ninasema. Hata ndege hakuna."

Akasukuma tena. Nilikuwa nimeshika nyuma ya jiwe, nikavuta blanketi kulifunika lile tundu.

Barrière

Kamba ilikuwa imefungwa kutoka mti hadi mti, imening'inizwa vikopo. Kabla hatujaigusa, walitoka kwenye majani pande zote mbili.

"Yaka! Mikono juu! Lala chini!"

Tulilala. Uso wangu ulikuwa kwenye matope, na kitu baridi kilikaa nyuma ya shingo yangu. Nilisikia kamba zikikatwa, blanketi likivutwa. Kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini, na sauti ile iliniogopesha kuliko kelele:

"Balimutumia commandant kifo."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kwamba tumetoka upande ule. Kwamba ni dawa. Kwamba jiwe likivuka kamba, kila mmoja wao atakufa, ndiyo maana lina mabawa, ili liwafuate. Mmoja akashauri tuuawe na jiwe litupwe mtoni. Mwingine akasema mtoni hapana, wanakunywa maji yale. Walibishana juu ya mahali pa kulitupa jiwe. Kuhusu sisi hawakubishana. Muhindo alikuwa akisali kwa Kinande. Mama Kyakimwa alisema mara moja tu, kwa sauti kubwa, mdomo ukiwa karibu na ardhi:

"Ni jiwe ya bwana yangu! Musome! Hakuna mwenye kujua kusoma hapa?"

Nadhani ni swali lile lililotuokoa, kwa sababu hakuna aliyejibu, na ilibidi aitwe anayejua kusoma.

Commandant alikuwa mtu mwembamba, Kiswahili chake cha mbali, nafikiri cha Katanga. Alilisoma jiwe. Kisha nikanyanyuliwa kwa kola, nikapelekwa kwenye nyumba ya matofali isiyo na madirisha. Juu ya meza walikuwa wametandaza karatasi za baba yangu, na juu ya karatasi waliweka tindo zangu kama vile ni risasi.

"Nani alikutuma na hii?"

"Hakuna mutu, commandant. Mimi ni fundi ya makaburi. Ule mama ni mujane."

"Nimeona makaburi mingi. Hii sijaonaka. Juu ya nini umuwekee mutu fuvu? Alikuwa mubaya?"

"Hapana. Alikuwa infirmier."

"Donc?"

Nilimweleza kama baba alivyonieleza, na nilisikia sauti yangu ikitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. Nilimwambia juu ya Wapuritani waliokataa picha kanisani lakini wakazikubali makaburini, kwa sababu kaburi si la kuabudiwa, ni la kukumbusha.

"Kichwa kinasema mwili utabaki mufupa. Mabawa yanasema roho inaruka. Jiwe moja inasema yote mbili."

Aligeuza karatasi. Akafika kwenye ile ya uso wa mviringo wenye mashavu, mabawa yakitoka chini ya kidevu.

"Huyu ana uso."

"Ile ni ya nyuma. Bajukuu ya bale ba kwanza, nafikiri balichoka na mifupa. Balianza kuchonga uso ya mutu."

"Na hii? Muti na chungu?"

"Ya mwisho kabisa. Muti inainama, inalia. Mutu mwenyewe hayuko tena."

Aliitazama ile ya mti, akairudisha chini ya nyingine. "Na banani balichonga?"

"Wengi hawakuandika majina yao. Wasomi wanawatambua kwa mukono tu. Mumoja anachonga meno ya mraba, mwingine macho yake inateremka. Wanapita kaburi kwa kaburi wanasema, huyu ni yule, huyu ni yule."

Commandant alikaa. Nje niliwasikia askari wakikohoa. Akasema, bila kunitazama, kwamba mdogo wake alikuwa amezikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba ile. Hapakuwa na kitu juu yake, hata mti. Akivuka yeye kwenda mbele au akirudi nyuma, hakuna atakayejua kwamba pale pamelala mtu.

"Utatoa jina ile. Utaweka yake."

"Commandant, jiwe si yangu."

"Bunduki ni yangu."

Migomba

Wakamleta Mama Kyakimwa. Nilimweleza kwa maneno mafupi kadiri nilivyoweza. Nilitazamia apige kelele, nikawa namwomba kwa macho asipige. Alimgeukia yule mtu.

"Mudogo yako, nani alimuzika?"

"Mimi."

"Ulimuosha?"

Aliishusha kofia yake hadi machoni.

"Unionyeshe."

Sijui kwa nini alikubali. Tulikwenda wote, askari wawili nyuma yetu. Palikuwa na kilima kidogo cha udongo kilichoanza kuzama, na jani la mgomba limeanguka juu yake. Mama Kyakimwa akaliondoa jani. Akasimama, akaomba, kwa ajili ya mtu ambaye wenzake wa bunduki walikuwa wamefunga njia mpaka mume wa mama huyu akafia mbali. Nilitazama buti zangu. Alipomaliza alisema kama mtu anayepatana bei ya gunia.

"Jiwe nitakuachia. Mais huyu fundi ataenda na mimi, na vyombo vyake vyote, na makaratasi yake, na huyu mwenye chukudu. Mutu yako atatupeleka mpaka barrière ya mwisho. Na blanketi yangu unirudishie."

"Na nikikataa?"

"Utabaki na jiwe yenye jina ya bwana yangu juu ya mudogo yako. Huyu hatachonga, hata ukimuua. Ninamujua."

Hakuwa akinijua hata kidogo. Ningechonga chochote. Lakini nilijitahidi uso wangu ufanane na maneno yake.

Commandant akamwita askari alete blanketi.

Nilichonga palepale migombani. Kuondoa jina ni kazi mbaya kuliko kuliweka: unasaga kwa mchanga na maji mpaka jiwe linakuwa na mbonyeo mdogo, na anayejua ataona daima kwamba hapo palikuwa na mtu mwingine. Mama Kyakimwa alikaa akanipa mgongo wakati herufi za Mumbere zilipokuwa zikifutika. Jina la yule kijana sitaliandika hapa. Ni la ndugu zake.

Askari walikuja kutazama. Wale walewale waliotaka kutuua sasa walichuchumaa karibu, bunduki magotini, wakifuata tindo kwa macho. Kisha mmoja akasema, kama mzaha:

"Fundi, mimi naitwa Dieudonné. Usikie tu."

Mwingine akataja jina lake, na kijiji chake. Mwingine tena. Hawakutaka niandike, walitaka niwe nimesikia. Walikuwa wakiyataja majina taratibu, na mmoja alirudi kunieleza jinsi jina lake linavyoandikwa. Risasi zilipigwa mahali fulani bondeni. Wote wakatoweka kwenye migomba, mimi nikalala nimelikumbatia jiwe. Ziliponyamaza walirudi, na yule wa mwisho akaendelea pale alipokatiwa: kwao ni karibu na mto, nyumba ya tatu baada ya kanisa.

Tulisimamisha jiwe. Commandant akavua kofia. Aliligusa bawa moja, akatuambia tuondoke kabla hajabadilisha mawazo.

Luofu

Tulifika bila jiwe, na chukudu nyepesi ikirukaruka kwenye mawe. Dispansari haikuwa na paa. Mwanamke aliyetoka nyumba ya pili alimtazama Mama Kyakimwa, akajua.

"Karibu, Mama. Mimi ni Masika. Mimi njo nilimuangalia."

Alimpikia Mumbere alipougua, alimwosha alipokufa, akamzika mwisho wa shamba lake, na kuweka juu ya kaburi beseni la dispansari, amelitoboa kwa msumari ili lisiibiwe. Alitupa bugali ya mihogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa, bila chumvi. Sisi tulikuwa na chumvi kidogo. Tuliweka katikati ya meza na kila mmoja akachukua kwa ncha ya kidole.

Kesho yake mimi na Muhindo tulipata jiwe bapa kijitoni, la kijivu, gumu kuliko letu. Nikaanza kuchora mabawa kwa mkaa. Mama Kyakimwa akanizuia.

"Kichwa ya mufu tuliiacha kule. Huyu umuwekee uso."

"Uso ya namna gani?"

"Yake."

Nikachora mviringo. Akanielekeza: mashavu yajae, masikio yatoke nje kidogo, kidevu laini, Mumbere alikuwa akijinyoa kila asubuhi hata Jumapili. Masika alikuwa akichambua maharagi kando yetu. Mikono yake ikasimama.

"Mashavu hayakuwa vile."

Nilisimamisha mkaa hewani.

"Nilikaa naye tangu nikiwa musichana," Mama Kyakimwa akasema. "Najua mashavu yake."

"Ndiyo, Mama. Mais alikonda. Na alikuwa na ndevu."

Muhindo aliinuka akaenda kuangalia chukudu ambayo haikuwa na shida yoyote. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilijua swali ambalo mke yeyote angemwuliza mwanamke aliyemwona mumewe na ndevu, lakini Mama Kyakimwa alichagua lingine.

"Ndevu?" akasema.

"Nyembe ziliisha ku dispansari. Alisema akirudi kwake utamucheka."

Mama Kyakimwa aliinamia ule mviringo. Alipeleka kidole chake kwenye kidevu cha mkaa, akakipaka pande zote mpaka kikawa cheusi.

"Nitamucheka," akasema. "Weka ndevu."

Nilichonga siku zile kwa haraka kuliko nilivyowahi, kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa ikisogea. Nilichonga mashavu ya mke na ndevu za Masika, na masikio waliyokubaliana wote wawili. Mabawa yalitoka mafupi. Jiwe lilikuwa dogo. Asubuhi nilipomaliza herufi ya mwisho, kilima cha mbele kikaanza kuungua, na watu wakaanza kupita na magodoro kichwani.

Tulilibeba jiwe hadi kaburini. Muhindo akashika jembe ili tulisimamishe. Masika akamshika mkono.

"Hapana kusimamisha. Basoda bakifika, mawe yote ya bapa inaenda kuwa mafiga yao. Juzi balipika juu ya jiwe ya katekista."

Tukamtazama Mama Kyakimwa. Njia yote ile, matope yale, bunduki zile, halafu jiwe lisionwe na mtu.

"Tuchimbe," akasema.

Tulichimba juu ya kifua cha kaburi, si kwa kina, tukalilaza. Alitaka uso uelekee chini, kwake. Tukageuza. Tukafukia, tukasawazisha, na Masika akakata mashina ya viazi vitamu kutoka kwenye tuta la jirani akayachomeka moja moja, kwa mstari, bila haraka, huku milio ikipiga. Beseni akalichukua, akalivaa kichwani, maana mvua ilikuwa inaanza. Mama Kyakimwa alivua viatu, akakanyaga udongo kandokando mpaka pakawa shamba kama mashamba yote. Ndipo tukakimbia.

Kurudi sitakusimulieni kwa urefu. Tulipita njia za porini, tuligawanyika, tulikutana. Chukudu ya Muhindo ilibaki mtoni, na Vulamba walitulilia tena kwa furaha.

Juzi, baada ya kimya kirefu, yule muuza vitunguu alipita Mulekera. Nilikuwepo. Alikaa barazani kwa Mama Kyakimwa, akanywa maji, akasema Masika yuko hai, amerudi shambani kwake, anamsalimu. Ametuma neno moja, muuza vitunguu hakulielewa, ila amelibeba kama alivyopewa.

"Anasema viazi ya kule mwisho ya shamba inatoka midogo midogo, imepindapinda. Anasema ni sawa mizizi inagonga kitu."

Mama Kyakimwa aliweka chini ungo wake.

"Urudilie," akasema. "Sema tena vile alisema."

Yule mwanamke akarudia, polepole, neno kwa neno, kwamba viazi vya pale vinatoka vidogo.